Mkanda wa Marehemu Baba Mkwe

Mei 29

Nimeamka mke wa mtu. Nimeamka mapema kwa makusudi, ili nimtazame Tsivery kabla hajafumbua macho na kuanza kunitania. Akilala hukunja vidole vya mkono wa kushoto kana kwamba ameshika shingo ya gitaa, na mara moja moja kidole kimoja kinaruka. Hata usingizini ananipigia. Nimekaa hapo hadi jua likapita kwenye mianya ya matete, likamchora michirizi mwili mzima, nikasema moyoni: Mungu wangu, huyu wote ni wangu?

Jana walimchinja ng'ombe mwekundu mwenye baka, wakanipaka damu kidogo kwenye paji la uso na kusema kuanzia sasa mimi ni mtu wa nyumba hii. Ukoo wetu na wao ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hata baraka zilikuja na matusi. Velonjara, mume wa wifi yangu, alisimama akasema, "Tumemwiba binti yao mchana kweupe, nao wamekuja kula nyama ya wezi!" Shangazi Haova, dada yake baba, hakumpa hata nafasi ya kumeza. "Mkamwibe nani mwingine? Wanawake wa huku wakiwaona nyinyi hukimbilia kichakani. Huyu wetu tulimfunga kamba ndipo mkampata." Nilicheka hadi damu ikaniingia jichoni.

Mei 31

Upepo wa kusini mchana kutwa. Mchanga kwenye wali, mchanga kwenye nywele, mchanga kitandani. Kila kitu ni kitamu.

Juni 2

Mama mkwe ameitungua besi ukutani.

Marehemu baba mkwe, Remanitse, ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ya nyumba hii. Tsivery anapiga gitaa, wifi yangu Zafisoa anaimba, Velonjara ngoma. Mzee alipofariki kipupwe cha mwaka jana besi ilitundikwa, na bendi ikanyamaza mwaka mzima wa matanga. Sasa mavuno yameingia, watu wana mchele na ng'ombe wamenona, na kila kijiji kinajiandaa kuwafanyia wafu wake sherehe. Ni msimu wetu. Lakini besi haina mtu.

Haina mtu? Ina mimi! Nimepiga besi miaka minne kwenye kwaya ya vijana nilipokuwa nasoma sekondari. Tsivery anasema alinipenda akiwa nje ya dirisha la kanisa, kabla hajaniona uso. Alisikia besi akajiambia, mtu huyu nitamuoa, kisha akaomba kimoyomoyo asiwe mwanamume. Huwa namwambia anisimulie tena na tena, naye kila mara anaongeza neno.

Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alinisimamia mlangoni akaniuliza, "Utaweza?"

"Nitaweza, Mama."

"Haya, chukua."

Nikaupitisha mkanda begani, na besi ikaanguka hadi mapajani. Velonjara alipiga mbinja. Marehemu alikuwa mrefu kama ua la mkonge, na aliipenda besi yake ining'inie chini kabisa, mkono umenyooka, aonekane anaipiga bila kujali. Mkanda ni wa ngozi ya ng'ombe. Zamani ulikuwa na kifungo, kikavunjika, akaulowesha maji na kuufunga fundo kwa mikono yake. Ngozi ilipokauka, fundo likawa gumu kama mfupa.

"Tutaufupisha wapi?" nikauliza.

Tsivery akatazama miguu yake. Zafisoa ndiye aliyenijibu. "Wifi, fundo lililofungwa na mkono wa marehemu halifunguliwi na mtu wa nyumba yake. Wala halikatwi. Wewe ndiye utakayerefuka."

"Lakini mimi si mtani wenu? Mtani anafungua chochote."

"Ulikuwa mtani. Tangu siku ya damu, wewe ni wetu." Akanikumbatia, na mimi mjinga nikafurahi kuambiwa ni wao, nikasahau kabisa nilichokuwa nauliza.

Juni 3

Mazoezi. Nimekaa kwenye kigoda, kama nilivyozoea kwaya. Kanisani wasichana tulipiga tumekaa, kwa ajili ya heshima ya sketi. Besi imelala juu ya paja, vidole vinakwenda vyenyewe. Tsivery alifumba macho tukapiga hadi kuku wakaingia bandani. Sijui tulipiga nyimbo ngapi. Zote zilikuwa moja.

Juni 9

Sherehe yetu ya kwanza, kijiji cha ng'ambo ya mto. Nilivaa gauni la njano analolipenda Tsivery.

Hapa mtu hapigi amekaa. Wakwe wanapokuja na enga yao, zawadi ya kumuenzi marehemu, ng'ombe mbele, wanawake nyuma wakiimba, bendi husimama kuwapokea, na kusimama huko huendelea kwa muda wote watakaokuwa wakizunguka uwanja. Kukaa ni kumwambia mwenye ng'ombe kwamba ng'ombe wake ni mbuzi. Kwa hiyo nilisimama, besi ikanisimamia magotini.

Ajabu ni kwamba nyimbo zile zile nilizozijua jana, leo vidole havikuzijua. Ili nifike kwenye nyuzi ilinibidi nikunje kiganja hadi mfupa ukalia, na kidole gumba hakikuweza kukaa nyuma ya shingo ya besi. Kiliteleza kama mtu anayepanda ukuta uliopakwa mafuta. Niliinama ili nione. Nilipoinama, besi ikashuka zaidi. Nilikosa mara nyingi. Wageni walicheza tu, maana mtu aliyetembea na ng'ombe siku nzima hacheki besi, anashukuru. Lakini Zafisoa aligeuka mara mbili.

Wakati wa kurudi Tsivery aliushika mkono wangu kwenye mkokoteni, akaupulizia kama mtoto aliyeungua. Nimesahau maumivu yote. (Si yote.)

Juni 13

Mkono bado umevimba. Nimepika viazi vitamu kwa mkono wa kulia.

Juni 20

Mume wangu ni mwerevu kuliko wote duniani, isipokuwa leo. Amesema, "Tatizo ni urefu. Baba alikuwa mrefu, wewe mfupi. Dawa ni kukuinua." Akapanga matofali, akanibeba na kunisimamisha juu yake, akarudi nyuma kwa fahari. "Sasa?"

"Sasa nimekuwa mrefu," nikamwambia, "na besi imepanda na mimi."

Alitazama matofali, akatazama besi, akatazama matofali. Velonjara aliyekuwa akikaza ngozi ya ngoma alianguka chini kwa kicheko. "Shemeji, mwambie achimbe shimo, aitie besi humo!" Tsivery akaniteremsha na kuuficha uso wake shingoni mwangu, akicheka hadi nikahisi kicheko chake kwenye mifupa yangu. Nitamtunza huyu.

Juni 23

Sherehe. Vibaya kuliko ya kwanza. Sitaki kuandika.

Juni 24

Nitaandika. Zafisoa amesema mbele ya mama mkwe, kwa sauti ya upole kabisa, na upole ndio ulioniuma: "Wifi hana kosa. Lakini kuna Lezoma, binamu yetu, ana urefu wa marehemu na mkanda unamkaa. Tumwite Lezoma. Wifi abaki alinde nyumba."

Abaki alinde nyumba! Bendi hutoka Alhamisi, hurudi Jumatatu, wiki baada ya wiki, hadi joto litakapoanza. Nimeolewa juzi tu. Nitalala na nani, na kuku? Nitamsikia wapi anapofumba macho na kupiga ule mwendo wa katikati, ule unaopanda kama moshi?

Mama mkwe alisema, "Tumpe hadi sherehe ya kwao." Hakunitazama.

Sherehe ya kwetu ni Agosti: babu yangu mzaa baba. Tsivery atakwenda kama mkwe, na ng'ombe wake na bendi yake. Yaani nitasimama upande wa wakwe, nikitazamana na mama yangu na shangazi zangu wote, na besi magotini.

Julai 1

Baridi. Umande hadi saa nne.

Julai 6

Siku nzuri kuliko zote tangu niolewe, na zote zimekuwa nzuri.

Mama mkwe alikwenda shambani kuvuna maharage. Tsivery akanikuta nimekaa kwenye kigoda na besi, nikipiga vizuri kabisa, na machozi yananitoka. Akauliza, nikamwambia, "Tazama. Nikikaa, najua. Nikisimama, sijui. Mimi ni mtu yule yule."

Akachuchumaa mbele yangu. Tsivery anapofikiri hutoa ulimi kidogo pembeni. Akasema polepole, "Wewe ni yule yule. Besi ndiyo inahama." Kisha akasema, "Usitikisike."

Akaenda kuchukua kanga yangu ya arusi, ile ya maua ya bluu. Akaikunja iwe pana, isinikate bega, akaifunga mwisho mmoja kwenye kitako cha besi, akaipitisha mgongoni mwangu na kuileta mbele. Mara ya kwanza aliivuta mno, besi ikapanda kifuani kama mtoto anayetaka kunyonya; kiwiko cha kulia kikaruka juu kama bawa la kuku, na nilikuwa nimebanwa hata kucheka sikuweza. Akalegeza. Akanitazama tena. "Kaa kama unavyokaa ukiwa huniwazii mimi."

"Sijui kukaa hivyo."

"Jaribu."

Nikafumba macho. Besi kwenye paja, shingo yake imeinuka kidogo kuelekea begani, mkono wa kulia umelala juu ya mbao kwa uzito wake wenyewe, wa kushoto umekunjika kama mtu anayepokea embe. Akaikaza kanga hadi ikagusa tu mgongo, isivute, isilegee, akafunga.

"Simama."

Nikasimama, na besi haikuhama! Ilibaki pale pale, kana kwamba bado nimekaa na ni dunia ndiyo imeshuka. Nilipiga. Vidole vilikuwa nyumbani. Tsivery alichukua gitaa lake na tukapiga tukisimama katikati ya uwanja, mbuzi wanatutazama, upepo wa kusini unapeperusha ncha ya kanga, na nilimpenda hadi nikaogopa kwamba kuna mtu mahali fulani amepungukiwa ili mimi nipate haya yote.

Hatukumsikia mama mkwe akirudi. Alikuwa amesimama na kapu la maharage kichwani. Mkanda wa marehemu ulikuwa umelala juu ya mchanga. Alitua kapu, akauokota, akaupangusa mchanga kwa upindo wa nguo yake, taratibu sana. Akafungua kanga mwenyewe, akairudisha begani mwangu, akaifunga besi kwenye mkanda wake na kuingia nayo ndani.

Kwa nini kila jema lina mtu wa kulitungika ukutani?

Julai 7

Tsivery alikwenda kuzungumza na mama yake. Alirudi upesi. "Amesema besi haitoki bila mkanda wake, na mkanda hautoki bila fundo lake."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo, Mama."

Tulilala tumepeana migongo. Kisha, nadhani ni mimi, nadhani ni yeye, mmoja akageuka.

Julai 15

Nafanya mazoezi nikiwa na mkanda mrefu. Najifunza kuvumilia. Namchukia mama mkwe kidogo asubuhi, sana mchana, na jioni anapompakulia Tsivery ukoko wa wali ninampenda tena kwa kuwa alimzaa.

Julai 22

Mbwa amezaa watoto wanne.

Julai 30

Lezoma amepita kutusalimu. Kijana mzuri, mpole, mrefu. Laiti angekuwa na tabia mbaya! Aliivaa besi kwa dakika chache, mkanda ukamkaa kama aliyepimiwa. Zafisoa akapiga makofi. Lezoma akaona uso wangu, akaivua haraka na kusema, "Ni nzito, jamani." Si nzito.

Agosti 10

Nimeona jambo, na sasa sijui nilipeleke wapi.

Tunaondoka kesho kutwa kwenda kwetu, kwa hiyo mama mkwe alikuwa anaupaka mkanda mafuta ya ng'ombe. Alikaa nyuma ya nyumba akitazama ukuta. Mimi nilikuwa naanua nguo, hakuniona. Aliupaka wote, kuanzia mwanzo, kwa kidole gumba. Alipofika kwenye fundo hakulipaka. Alilifunika kwa kiganja chake, kama unavyofunika mkono wa mtu aliyelala, akakaa hivyo. Hakulia. Alikaa tu. Kisha akaendelea upande wa pili.

Mimi ninaamka mapema kumtazama Tsivery akikunja vidole. Ikiwa kesho havipo vidole hivyo, na kilichobaki duniani ni kitu kimoja tu kilichokunjwa navyo, je, mimi ningemruhusu msichana wa juzi akifungue, ati mkono unamuuma?

Na mimi nilidhani ananibania.

Agosti 12

Tumelala njiani, mkokoteni umejaa spika na jenereta. Ng'ombe wetu wa enga ni mweusi mwenye pembe pana. Tsivery amemwosha mtoni mara mbili. Ana hofu, mpenzi wangu. Amepiga pasi shati lile lile asubuhi na jioni. Nimemwambia kwamba kwetu wote wanampenda. "Leo wananipenda," akasema. "Wasubiri wasikie besi."

Nikajua kwamba naye ameshakata tamaa, na anaificha kwa ajili yangu.

Agosti 14

Naandika asubuhi ya siku ya pili, nimekaa chini ya mkokoteni, na kila mtu amelala popote alipodondoka. Sina uhakika wa mpangilio wa mambo. Nitayaweka kama yanavyokuja.

Tuliingia mchana. Vumbi lilikuwa la dhahabu. Wakwe wawili walikuwa wametangulia, kila mmoja na bendi yake, na spika zao zilikuwa zinagombana juu ya miti. Sasa zamu ya Tsivery. Ng'ombe akaingia, mama mkwe nyuma yake na kanga yake bora, na sisi tukasimama upande wetu tukaanza. Niliwaona wote: mama yangu, dada zangu, Shangazi Haova amejifunga kiunoni tayari kwa kucheza. Nilikuwa mgeni kwetu. Ni ndoto ya namna yake kusimama mbele ya mlango uliouacha na kupokelewa kama mtu wa mbali.

Wimbo wa kwanza nilishinda. Wa pili niliushinda kwa meno. Katikati ya wa tatu vidole viwili vilikufa ganzi. Nilivitazama vikiwa kwenye nyuzi nisijue ni vya nani. Besi ikakatika, ikarudi, ikakatika. Wimbo bila besi ni kama mtu anayetembea na ardhi inaondolewa. Velonjara alijitahidi kuishika kwa ngoma kubwa, Zafisoa akaimba kwa nguvu zaidi, na Tsivery akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Kutoka upande wa kwetu nilisikia sauti ya Shangazi Haova: "Jamani, hao watani wetu wamekuja na bendi au na mgonjwa?" Watu wakaangua kicheko. Ni haki yake kutania. Lakini hakujua kwamba mgonjwa ni mkono wangu.

Jenereta likaishiwa mafuta, ashukuriwe Mungu, na kukawa kimya. Velonjara akaenda kutafuta dumu.

Nilivua besi. Nikaenda hadi alipokaa mama mkwe kwenye mkeka, nikapiga magoti na kumwekea mapajani, mkanda ukiwa juu.

"Mama, apewe Lezoma. Yupo, nimemwona, amekuja na moja ya bendi zile nyingine. Mimi nitabaki nyumbani. Fundo liache kama lilivyo."

"Umechoka?"

"Sijachoka."

"Basi kwa nini?"

Nilitaka kusema jambo la adabu, likatoka la kweli. "Nilikuona ukiupaka mkanda mafuta, ukalifunika fundo kwa kiganja. Nisingetaka mtu alifungue la kwangu."

Alinitazama. Nadhani ni mara ya kwanza kunitazama tangu niingie nyumba yake. Ana macho ya Tsivery, na sikuwa nimejua. Alitazama kiganja changu kilichovimba, akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha yule mwanamke wa maneno machache akainua kichwa na kupaza sauti hadi ng'ambo ya uwanja:

"Haova! We Haova, mla matanga, mwizi wa sufuria! Umekaa huko unacheka, na kazi yako iko huku!"

Uwanja mzima ukageuka. Shangazi Haova akaja akicheza kila hatua, amejishika nyonga. "Nani ananiita? Ninyi bado mko hai? Nilisikia harufu nikadhani mmeshakufa."

"Tulikufa kwa kula chakula chenu. Chukua." Mama mkwe akamnyoshea mkanda. "Mume wangu ameacha fundo. Sisi hatuwezi kulifungua."

Shangazi alielewa papo hapo. Nilimwona akielewa, uso ukalainika kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha akaurudisha ukawa wa mtani. Alilishika fundo, akalivuta, halikusogea. "Remanitse!" akaliambia. "Bahili wewe! Ulipokuwa hai hukuachia hata ugoro, sasa umekufa na bado unang'ang'ania?" Watu wakacheka. Akaling'ata kwa meno ya pembeni. "Achia, mzee mbaya! Miguu kama ya korongo! Ulikuwa unapiga besi kwa magoti kwa sababu mikono ilikuwa mivivu!"

Na mama mkwe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ni kicheko cha msichana, chembamba, kinachopanda. Alicheka na machozi yakimshuka hadi kidevuni, akasema, "Mwongo! Ilikuwa mivivu ya kulima tu!" na wakashikana mabega, wajane wawili, maana Shangazi Haova naye ni mjane, wakimtukana marehemu kwa zamu hadi fundo likalegea.

Ngozi iliyokuwa ndani ya fundo ilikuwa bado nyekundu, changa, haikuona jua wala vumbi. Mama mkwe akaiweka puani. Tulimngoja. Hakuna aliyemharakisha.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa kwenye boksi la spika.

"Weka besi pale mkono wako unapoipenda. Kama siku ile ya kanga."

Siku ile ya kanga! Kumbe alikuwa amesimama na kapu lake muda mrefu kuliko tulivyojua. Nililaza besi pajani, shingo yake imeinuka kidogo, mkono wa kulia umelala. Alilowesha ngozi kwa maji ya kunywa, akaipitisha mgongoni, akaivuta hadi ikanigusa tu, akaingiza vidole viwili chini yake begani kuona kama inakata. Akafunga. Vidole vyake vilikuwa vya baridi shingoni mwangu.

"Simama."

Nikasimama. Besi ikabaki.

Jenereta likanguruma. Tsivery alianza bila kunitazama, maana alikuwa analia, na mwanamume mwenye gitaa hana mkono wa kufutia macho. Nikaingia chini yake. Sijui niandike nini hapa. Tulipiga hadi vivuli vikarefuka na kupotea, ng'ombe, vumbi, mama yangu akicheza na mama yake, Zafisoa akaniegemea bega huku akiimba, na vidole vyangu havikuniuliza chochote. Nilikuwa macho na nilikuwa ndotoni, vyote kwa pamoja, na besi ilikuwa imelala juu yangu pale pale ilipotakiwa kulala.

Tulipopumzika mama mkwe alikuja kukagua kazi yake. Akalivuta fundo kwa kidole.

"Sijalikaza sana," akasema. "Hili ni la kufungua na kufunga. Tumbo likija, besi itapanda, nitakulegezea."

Tsivery alimwaga chai.

Agosti 19

Nyumbani. Kulala, kula, kulala. Mama mkwe amenifundisha kupika mchuzi wa majani anaoupenda mwanawe. Kumbe siri ni kutokoroga.

Septemba 5

Tumetoka tena, bendi nzima. Upepo umebadilika, miti imeanza kuchipua kabla ya mvua. Lezoma alikuja kutusikiliza akasimama nyuma yangu. "Shemeji, nami nitaufupisha wangu," akasema. "Nina miaka kumi naumwa mgongo kwa ajili ya kuonekana."

Septemba 21

Asubuhi hii, kabla ya mazoezi, mama mkwe aliniambia nikae. Nikakaa. Akafungua fundo, akalegeza mkanda kwa upana wa kidole kimoja, akafunga tena.

Sijamwambia mtu yeyote, hata Tsivery. Mimi mwenyewe nimeanza kuhisi tu tangu juzi. Alinitazama machoni, akanigonga bega mara moja, akaenda kuchochea moto.